Video, Jukwaa, na Neno la Mama wa Maharagi

Mtu wa kwenye video hajui kuona haya. Anaketi kwenye kiti cha ngozi, nyuma yake kuna gari jekundu ambalo halijawahi kutikisika, na anakuita rafiki yake mpenzi kabla hata hujakohoa. Anaongea Kifaransa mbio mbio, kama motari wa pikipiki anayemkimbia polisi wa barabarani. Kifaransa changu ni cha darasa la sita, nilipoishia. Kinajua kuomba ruhusa ya kwenda chooni na kusema kwamba paka yuko juu ya meza. Paka wa mtu yule wa video alikuwa mbali sana na meza yangu.

Jukwaa ni kitu kingine. Huko hakuna sura, hakuna gari. Kuna maandishi tu, na matusi. Ukiuliza swali, wa kwanza anakuambia swali hilo limeshaulizwa, nenda katafute. Wa pili anakuambia wa kwanza ni mjinga. Wa tatu anauza viatu. Nilipata jukwaa moja la Kiswahili, lenye Watanzania na Wakenya wengi, nikaandika swali langu la kwanza maishani: kama mutu asiye na kitambulisho anaweza kufungua pochi ya kripto, yaani ya fedha za mtandaoni. Jibu lilikuja upesi: "Mkongo, hapa tunasema mtu." Kuhusu pochi, hakuna aliyejibu.

Lakini nilibaki hapo. Mimi ni mtu wa haya. Nikizungumza na zaidi ya watu wawili, masikio yangu yanapata moto. Tena naandika polepole. Mwalimu wetu alikuwa akifuta ubao kabla sijamaliza kunakili tarehe. Jukwaani hakuna anayekuona ukitafuta herufi. Unaweza kukaa asubuhi nzima na sentensi moja, na wao wakadhani una shughuli.

Nilikuwa na kibanda cha mbao mtaani kwetu Katoyi, nachaji simu za watu. Ni kazi nzuri kwa mtu wa haya. Simu hazikuulizi habari za nyumbani. Kaka yangu mkubwa, ambaye sisi tunamwita yaya, alikuwa na pikipiki na mdomo. Yeye alipenda video. Alikuwa akija kibandani, anaweka simu yake kwenye chaji, anafungua video kwa sauti kubwa, na wateja wote wanafundishwa utajiri kwa lazima.

"Sikia huyu!" angesema. "Anasema alianza na kitu kidogo tu, sasa iko na magari tatu."

"Magari yenyewe haiendeke," ningesema, kwa sauti ya chini.

"Weye unapenda jukwaa juu ya huko kila mutu iko na huzuni sawa yako."

Tungebishana hivyo mpaka leo, bila hasara kwa mtu yeyote, kama mama hangeingia katika habari hiyo.

Mama alikuwa mkubwa wa likirimba ya mtaa wetu: akina mama kumi na wawili wanaoweka akiba pamoja na kupeana kwa zamu. Akiba yao zamani ilikaa kwenye sanduku la chuma lenye kufuli tatu, na funguo tatu kwa akina mama watatu, kila mmoja nyumbani kwake. Ndivyo wanavyofanya kote kwetu. Sanduku halifunguki mpaka wote watatu wawepo, na kwa hiyo hakuna wa kumshuku mwenzake. Ni mpango mzuri sana, isipokuwa mlima wa moto ukitapika.

Mlima ulipotapika, mji mzima ulikimbia. Ufunguo mmoja ulikimbilia Sake, wa pili Rutshuru, wa tatu ulivuka mpaka kuingia Rwanda ukiwa umefungwa kwenye kitambaa cha kichwa. Sanduku lenyewe lilibaki chini ya kitanda cha mama, kwa sababu mama alibeba godoro, sufuria na mdogo wetu, na mikono ilikwisha. Uji wa moto haukufika kwetu. Tuliporudi, nyumba ilikuwa imesimama, kitanda kipo, sanduku hakuna. Mwizi hakuhitaji ufunguo wowote kati ya zile tatu. Alibeba lote.

Akina mama waliliweka jambo hilo moyoni, na mama akaliweka zaidi, kwa kuwa kitanda kilikuwa chake. Miaka ilipita, waasi wakaanza kusogea tena kutoka kaskazini, watu wakaanza kutazama magodoro yao. Siku moja mama alikuja kibandani, akamkuta yaya na mtu wake wa gari jekundu.

"Huyu anauza nini?" mama aliuliza.

"Makuta, feza ya ndani ya mtandao, mama. Haishikwe na mukono. Moto haichome. Mwizi haione."

Mama aliitazama ile simu kwa muda mrefu. Kisha akanigeukia mimi. "Weye papa, unaonaga watu bangine wanaandika. Ni kweli?"

Mama huniita papa akitaka jambo. Nilisema nitauliza.

Sasa nikaanza kulinganisha kwa makini, kwa sababu haikuwa tena mchezo. Yule wa video alisema tununue sarafu mpya ambayo ingepanda kama roketi. Chini ya video aliweka namba ya kumpigia. Nilirudi kwenye jukwaa, nikaandika swali kwa Kiswahili kilichopigwa pasi. Walinitukana kidogo, kwa desturi, kisha mtu mmoja aliyetumia picha ya samaki akanijibu vizuri: kama ni akiba ya akina mama, achana na roketi, chukua ile aina inayofuata dola, isiyopanda wala kushuka sana, na uiweke kwenye pochi yenu wenyewe, si kwa mtu. Aliongeza: "Inachosha, ndiyo maana ni nzuri." Kwenye video sijawahi kusikia mtu akisifu kitu kwa kuchosha.

Yaya alikasirika. "Samaki! Unaacha mutu mwenye gari, unasikiliza samaki!"

Mama alisikiliza pande zote, akachagua samaki. Lakini akina mama wengine walitaka dhamana, kwa kuwa mara ya kwanza kitu kilipotea chini ya kitanda cha huyu huyu. Mama akasimama katikati yao, akasema: "Ikipotea tena, mutachukua paseli yangu." Paseli ndiyo kiwanja chetu, na nyumba ya mbao iliyo juu yake, na ukuta wa mawe meusi ambao baba aliujenga kabla hajafa. Hatuna kingine. Nilihisi masikio yangu yakipata moto, ingawa hakuna aliyekuwa akinitazama.

Tukanunua ile aina ya samaki, kwa akiba mpya ya akina mama, kwa mbadilisha fedha mmoja wa mjini anayeuza vitu hivyo. Pochi ilifunguliwa kwenye simu yangu. Ndipo simu ikaleta yale maneno kumi na mawili.

Ukifungua pochi ya namna hiyo, inakupa maneno kumi na mawili ya Kiingereza, yenye mpangilio wake. Simu ikipotea, mwenye maneno hayo anafungua pochi kwenye simu nyingine. Anayeyajua ndiye mwenye mali. Juu ya hili video na jukwaa vilipatana kwa mara ya kwanza: yaandike kwenye karatasi, uyafiche, usimwambie mtu, hata mke wako.

Mama alipinga mara moja. "Karatasi? Ukipita barriere ya barabarani na karatasi ya Kingereza mufukoni, maaskari wanasema uko mupelelezi. Unalala huko." Alikuwa na haki. Kisha akasema neno ambalo sikulipata kwenye video yoyote: "Na kitu kenye mutu mumoja peke yake anajua, sisi tunaita wizi."

Basi akina mama wakafanya wanavyojua. Zamani kufuli tatu, funguo tatu. Sasa maneno kumi na mawili, na wao kumi na wawili. Kila mama neno lake, kwa zamu zao za likirimba. Hapo hakuna hofu ya kuchanganya mpangilio. Mama anaweza kusahau siku ya kuzaliwa ya mtoto wake. Zamu yake ya likirimba hasahau.

Mama alikata kipande cha katoni, akatoboa tundu dogo la ukubwa wa neno moja. Akaniambia: "Weye papa, angalia ukutani." Simu ilikuwa yangu, kibanda changu, chaji yangu, nami nikaangalia ukutani. Nyuma yangu nilisikia ndala zikiburuzwa, mama mmoja baada ya mwingine, na midomo ikinong'ona. Mama wa maharagi, muuza maharagwe aliyekuwa wa saba kwa zamu, alichukua muda kuliko wote kwa sababu hakusoma. Yeye, nilivyoambiwa baadaye, aliinama, akachora zile herufi kwa kidole kwenye mchanga mweusi, akazifuta kwa kandambili, akachora tena, akafuta tena, mpaka mkono wake ukazijua.

"Umeisha?" waliuliza.

"Musinisukume. Munafikiri hii ni kupima kilo?"

Niliuliza jukwaani kama mpango huo ni mzuri. Walibishana kwa hasira kubwa. Nusu walisema akina mama wale ni werevu kuliko benki, nusu walisema ni kichaa. Kisha mtu akataja mpira, mjadala ukafia huko.

Waasi waliingia mjini. Sitaeleza risasi, anayezijua anazijua. Tulilala chini ya kitanda kile kile cha sanduku. Tulipotoka, vibanda vya barabara yetu vilikuwa vimevunjwa, na changu kilikuwa wazi kama mdomo wa yaya. Simu zote zilikuwa zimekwenda, za wateja na yangu. Kwa wiki kadhaa watu walikuja kunidai simu zao, na mimi mwenye haya nilijifunza kutokea dirisha la nyuma.

Benki zilifunga. Wenye akiba zao huko walisimama mbele ya milango ya chuma wakiitazama. Yaya alifurahi siku moja nzima. "Munaona? Yetu iko salama!" Mama alikusanya akina mama wapate kufungua pochi kwenye simu yake. Walifika kumi na mmoja, mama akiwemo.

Mama wa maharagi alikuwa amekwenda Rutshuru kununua maharagi siku chache kabla barabara haijafungwa. Namba yake haikuita. Wengine walisema alikimbilia msituni na wakwe zake. Wengine walisema alionekana upande wa pili wa mpaka. Hakuna aliyejua neno lake, kwa sababu ndiyo ilikuwa sheria. Tulikuwa tumefanya kosa lile lile la funguo tatu, ila sasa tumelizidisha mara nne, tena kwa Kiingereza.

Akina mama hawakupiga kelele. Wangepiga kelele ingekuwa nafuu. Mmoja wao, wa zamu ya pili, alisema kwa upole: "Mama, sisi tutangoja mpaka masomo ianze. Watoto wanahitaji kulipiwa. Halafu tutaona maneno ya paseli." Wakaondoka mmoja mmoja, na kila mmoja, akipita, aligusa ule ukuta wa mawe, kama mtu anayepima kitambaa.

Yaya alipata video siku hiyo hiyo: mtu anayefungua pochi zilizopotea, mwenye koti jeupe la daktari. Alitaka atumiwe maneno kumi na moja tuliyonayo, atafute lililokosekana mwenyewe. Mimi nami nilipata yangu jukwaani, kwa ujumbe wa siri, kutoka kwa mtu mwenye adabu nyingi aliyeniita ndugu. Yeye pia alitaka yale maneno kumi na moja. Pande zote mbili zilitaka kutusaidia kwa moyo mmoja.

Nitasema ukweli, huyu wa jukwaani alinivuta. Hakuna aliyewahi kuniandikia kwa adabu huko. Nilimsomea mama ujumbe wake.

"Muzuri," mama alisema. "Muulize: mama yake anauzaga nini, na soko gani?"

"Mama, huko watu hawaulizane vile."

"Muulize."

Niliandika, polepole, kila herufi ikiniaibisha. Mtu wa adabu hakujibu tena. Mama akamgeukia yaya: "Na wako wa koti. Muulize na yeye." Yaya alipiga ile namba, akauliza, akakatiwa. Alitazama simu yake kama aliyepigwa kofi na mtoto.

Nikaandika hadharani, mbele ya wote, habari nzima. Walicheka, bila shaka. Lakini samaki alirudi. Alieleza kwamba maneno hayo hayatungwi ovyo. Yanatoka kwenye orodha moja inayojulikana, maneno elfu mbili na ziada kidogo. Kama tuna kumi na moja na tunajua lililokosekana ni la saba, tunaweza kujaribu moja moja mpaka lifunguke. "Ni kazi ya kuchosha," aliandika. "Mnahitaji mtu asiye na haraka." Yaya aliposoma hapo alinitazama, akacheka mpaka akashika pikipiki.

Tukaanza. Akina mama kumi na mmoja waliingiza maneno yao, mimi nikiangalia ukutani. Kisha wakafunika simu kwa katoni lenye tundu, na kupitia tundu nilijaza nafasi ya saba, kuanzia herufi ya A. Mara nyingi simu ilikataa, nami nilifuta na kuandika linalofuata. Lakini mara nyingine ilikubali, ikafungua pochi tupu isiyo ya mtu, na hapo ilitubidi kuanza upya. Kuanza upya maana yake ni kuwaita akina mama wengine wote kumi, kutoka sokoni, kutoka ziwani, kutoka kwenye foleni ya maji, waje waingize tena.

"Imefunguka?" waliuliza wakiingia.

"Imefunguka, lakini ni tupu."

"Kumbe hata makuta ya hewa iko na nyumba ya bure, bila mutu."

Mwanzoni walikuja mbio. Baadaye walikuja wakitembea. Mwishowe mmoja alikuja na kikapu cha nyanya, akasema atakayemwita tena kwa ajili ya pochi tupu amnunulie zote. Nilikuwa bado kwenye herufi ya B. Mama aliketi kando yangu akichambua mchele. Kila nilipofuta neno, alitazama ukuta wa mawe, kisha akarudi kwenye mchele. Nilipofika C, redio ilitangaza kwamba masomo yataanza karibuni. Mama aliacha kuchambua. Alichukua ufagio, akafagia uwanja wote mpaka kwenye mpaka wa jirani, mahali ambapo hafagii kamwe.

Wiki hiyo barabara ya Rutshuru ilifunguka kidogo, na magari machache yakaanza kuteremka. Mama alimtuma yaya stendi kila asubuhi. Yaya, ambaye midomo yake hatimaye ilipata kazi, aliuliza kila dereva, kila abiria, kila mwenye gunia. Asubuhi moja nilisikia pikipiki yake ikipiga honi tangu kona. Nyuma yake alikaa mama wa maharagi, amekumbatia gunia, vumbi mpaka kwenye kope.

"Munanitafutia nini?" alisema kabla hajashuka. "Huyu mutoto ananichukua stendi sawa mwizi. Maharagi yangu ingine imebaki kwa gari!"

"Neno lako," mama alisema. Sauti yake haikuwa ya kawaida.

"Neno gani?"

Mama wa maharagi alitutazama mmoja mmoja. Kisha akapiga makofi. "Ah! Lile la simu! Sasa si mungesema?"

Akina mama waliitwa. Safari hii walikuja mbio. Waliingiza maneno yao, zamu ya kwanza mpaka ya sita. Mama wa maharagi alichuchumaa, akaweka kidole kwenye mchanga, akafumba macho. Mkono wake ukaenda wenyewe.

"Papa, ukutani," mama alisema.

Niligeuka, lakini si haraka ya kutosha. Niliona herufi ya kwanza tu. Ilikuwa Z.

Nilikuwa nimetumia wiki hizo zote nikitokea A, na kwa mwendo wangu ningefika Z nikiwa na wajukuu. Yaya naye aliiona. Alikaa chini kabisa, juu ya gunia la maharagi, akicheka bila sauti. Mimi nilibaki na ukuta wangu. Nilisikia kandambili ikifuta mchanga, kucha ikigonga kioo, kisha zamu ya nane, ya tisa, mpaka ya mwisho. Kisha sauti ya mama: "Iko. Iko yote."

Walipiga vigelegele mpaka majirani wakadhani kuna arusi au vita. Mama hakupiga. Alikwenda kwenye ukuta wa mawe, akauegemea kwa mgongo, akakaa hapo kidogo, akiwa na ule uso wa mtu aliyetua mzigo na bado anausikia kichwani.

Akiba waligawana kabla masomo hayajaanza, kila mmoja na sehemu yake, bila kungoja zamu. Walipoanza upya, walibishana tena: sanduku au simu. Waliamua simu. Ila sasa kila neno linajulikana na mama mmoja na binti yake mmoja, na hao wawili hawaruhusiwi kusafiri kwa gari moja. Nililiandika hilo jukwaani, pamoja na habari ya vigelegele na majirani. Ilinichukua asubuhi nzima. Samaki alijibu kwamba ni mpango bora kuliko mingi aliyoisikia. Mwingine akajibu kwamba arusi inaandikwa harusi.

Yaya alitengeneza video yake mwenyewe, amesimama mbele ya pikipiki, akieleza jinsi yeye alivyoipata pochi. Imetazamwa na watu wengi. Wanamwita daktari.

Neno lenyewe silijui mpaka leo. Lile katoni mama alilipigilia msumari kwenye kibanda changu nilichokifungua tena, pale mbao zilipoachana na upepo unaingia. Tundu lake liko usawa wa jicho langu ninapokaa. Nikisikia mtu anakuja, nachungulia kwanza. Kama ni mmoja wa wale wanaonidai simu, bado dirisha la nyuma lipo.